Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mgonjwa aliyejifunza kuutunza mwili wake

Wapendwa wakatekumeni, kati yenu wamo watu wenye ugonjwa usiokwisha upesi. Mmoja ana ugonjwa wa sukari, mwingine damu yake hupanda, mwingine anatibiwa kifua kikuu kwa miezi sita au zaidi, mwingine ana maumivu ya tumbo yanayokwenda na kurudi. Watu hao hujiuliza mara nyingi maswali mawili. La kwanza ndilo hili: mtu anayeomba ubatizo akiendelea kumeza dawa kila siku, je, anaonyesha upungufu wa imani? Na la pili: wakati wa Kwaresima, wenzangu wakifunga nami nikila kwa sababu ya ugonjwa wangu, je, Mungu atanihesabu kuwa mvivu?

Maswali hayo si madogo. Wako watu walioacha dawa zao wakidhani ya kuwa wanampendeza Mungu, na ugonjwa ukazidi. Kwa hiyo inafaa tuyasikie maisha ya mtakatifu mmoja aliyekosea katika jambo hilo, akaumwa miaka zaidi ya thelathini, na mwishoni akawa mwalimu wa wengine. Ndiye Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Yesu, yaani mapadri tunaowaita Wayezuiti. Jina la shirika lake halikukawia kufika katika nchi zetu: Wayezuiti wa kwanza waliingia katika ufalme wa Kongo mwaka 1548, Inyasi mwenyewe angali hai.

Askari aliyevunjika mguu

Inyasi alizaliwa mnamo mwaka 1491 katika ngome ya Loyola, karibu na mji mdogo wa Azpeitia, kaskazini ya Hispania. Jamaa yake ilikuwa ya watu wa cheo, wenye watoto wengi, naye alilelewa katika nyumba za wakubwa. Alipenda silaha, mavazi mazuri, na sifa za watu.

Tarehe 20 Mei 1521 jeshi la Wafaransa liliishambulia ngome ya Pamplona. Wengi waliokuwamo walitaka kusalimu amri. Inyasi aliwashawishi wapigane. Risasi ya mzinga ikamvunja mguu wa kuume na kumjeruhi wa kushoto. Wafaransa walimtendea kwa wema, wakamtibu, kisha akachukuliwa machelani mpaka kwao Loyola.

Huko madaktari waliona ya kuwa mifupa haikuungana sawasawa. Ikabidi wauvunje mguu tena na kuupanga upya, bila dawa ya usingizi kama ile ya hospitali za siku hizi. Inyasi akawa mahututi, akapokea sakramenti kama mtu anayekufa. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Mitume Petro na Paulo akaanza kupata nafuu.

Baada ya hapo kipande cha mfupa kilibaki kimetokeza chini ya goti. Inyasi alichukizwa nacho, kwa maana kilimzuia kuvaa viatu virefu vya kupendeza. Akaamuru kikatwe kwa msumeno, akayavumilia maumivu hayo kwa ajili ya uzuri tu. Hata hivyo alichechemea maisha yake yote.

Alipokuwa amelala kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, lakini havikuwamo nyumbani. Wakampa kitabu cha maisha ya Yesu Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Akasoma polepole, akawaza, akageuka moyo. Alipoweza kusimama tena, alikusudia kumtumikia Kristo Mfalme.

Manresa: bidii iliyopita kiasi

Mwezi wa Machi 1522 Inyasi alifika Montserrat, mahali pa kuheshimiwa Bikira Maria. Aliungama dhambi za maisha yake yote, akamwachia maskini mavazi yake ya fahari, akavaa nguo ya gunia. Kisha akashuka mpaka mji wa Manresa, akakaa huko muda wa karibu miezi kumi na mmoja.

Nia yake ilikuwa njema, lakini hakujua kipimo. Alikuwa bado na moyo wa askari, naye akautendea mwili wake kama adui aliyeshindwa vitani. Aliomba chakula mlango kwa mlango. Hakula nyama wala hakunywa divai, ila siku ya Dominika alipunguza mfungo. Alisali masaa saba kila siku akiwa amepiga magoti, na usiku wa manane aliamka kusali tena. Kwa kuwa zamani alijipenda mno, sasa aliacha nywele zake bila kuchana na kucha zake bila kukata.

Ndipo wasiwasi mkubwa wa dhamiri ukamshika. Aliungama na kuungama tena, asione raha. Akaamua kutokula kitu wala kunywa mpaka Mungu amwondolee wasiwasi huo, akakaa hivyo juma zima, tangu Dominika moja hata nyingine. Padri muungamishi wake alipopata habari, alimwamuru kuuvunja mfungo. Inyasi akatii, akala. Wasiwasi ukamwacha, ukarudi, na baada ya siku chache Mungu akamponya nao kabisa.

Roho yake ilipopona, mwili wake ulikuwa umekwisha kuumia. Alipatwa na homa kali, akakaribia kufa. Majira ya baridi yalipofika akaugua tena sana, hata wanawake wema wa mji ule wakakesha naye usiku kucha. Walimlazimisha kuvaa viatu, kofia, na nguo mbili nzito za kumkinga na baridi. Alipata nafuu, lakini tangu siku zile alikuwa mdhaifu, na maumivu ya tumbo yakamrudia mara kwa mara.

Katika Manresa hiyo hiyo alianza kujifunza. Alikata kucha na nywele zake tena. Tena aliona jambo moja la ajabu: kila alipolala, mawazo mazuri ya kiroho yalimjia, yakamwondolea usingizi, na muda wake wa kulala ulikuwa mfupi tayari. Alifikiri sana. Mchana kutwa alikuwa amempa Mungu. Sasa ni saa ya kulala. Akatia shaka kama mawazo hayo yametoka kwa roho mwema, akayaacha, akalala.

Ugonjwa unamfuata shuleni

Mwaka 1523 Inyasi alihiji Yerusalemu. Aliporudi aliona ya kuwa hawezi kuwasaidia watu vizuri bila elimu. Basi mwaka 1524, mtu mzima mwenye miaka zaidi ya thelathini, alikaa Barcelona akijifunza Kilatini pamoja na watoto. Tumbo lilikuwa limetulia kidogo, naye akatamani kurudia ukali wa zamani. Alitoboa nyayo za viatu vyake, akaongeza tundu polepole, hata majira ya baridi yalipofika alikuwa na sehemu ya juu tu ya viatu. Mnaona, ndugu zangu, ya kuwa mgonjwa akipata nafuu kidogo husahau upesi yaliyompata.

Tangu mwaka 1528 alisoma katika chuo kikuu cha Paris, katika Ufaransa. Huko alipata wenzake wa kwanza, ndio Petro Favre, Fransisko Ksaveri na wengine. Tarehe 15 Agosti 1534 walifanya nadhiri zao pamoja kwenye kilima cha Montmartre. Lakini tumbo lilimtesa vibaya. Kila majuma mawili maumivu yalimkamata muda wa saa nzima, pamoja na homa. Mara moja yalidumu masaa kumi na sita au kumi na saba. Dawa nyingi zilijaribiwa, hazikufaa. Madaktari wakasema limebaki shauri moja: arudi kwao apumue hewa ya nchi aliyozaliwa. Wenzake nao wakamshauri vivyo hivyo.

Inyasi wa Manresa angalikataa. Inyasi wa Paris alikubali. Mwaka 1535 wenzake walimnunulia farasi mdogo, kwa maana hakuweza safari ndefu kwa miguu, naye akampanda, akaenda zake. Njiani alijisikia nafuu nyingi.

Alipofika Azpeitia hakutaka kukaa katika ngome ya kaka yake; alikaa katika hospitali ya maskini. Kila siku aliwafundisha watoto katekisimu. Kaka yake alimwambia kwamba hakuna mtu atakayekuja kumsikiliza. Akajibu kwamba akija mmoja tu, yatosha. Wakaja wengi, na kaka yake pia. Sisi makatekista twalipenda sana jambo hili. Mtu aliyetumwa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa alifanya kazi aliyoiweza, kwa kipimo cha nguvu zake, na kazi hiyo ilizaa matunda.

Mkuu wa Shirika anawatunza wagonjwa

Inyasi alipata upadri huko Venezia mwaka 1537. Tarehe 27 Septemba 1540 Baba Mtakatifu Paulo wa Tatu alilithibitisha Shirika la Yesu, na mwaka 1541 wenzake walimchagua Inyasi kuwa mkuu wao. Toka hapo alikaa Roma mpaka kufa kwake, akiliongoza Shirika kwa barua. Barua zake zilizohifadhiwa zinakaribia 7000, na nyingi aliziandika au kuziandikisha katika siku za maumivu.

Katika miaka hiyo alijua mipaka yake. Kusoma Misa kulimchosha mwili kiasi cha kumwuguza, basi hakuisoma kila siku. Machozi aliyoyamwaga akisali Breviari yaliyadhuru macho yake. Wenzake wakamwombea ruhusa kwa Baba Mtakatifu, naye akasali sala nyingine fupi mahali pake. Hakuona haya kupokea ruhusa hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 1550 aliugua sana. Tarehe 30 Januari 1551 aliwaandikia wenzake akitaka kuacha ukuu, kwa maana aliona nguvu zake hazitoshi. Karibu wote walimkatalia. Akabaki, lakini akakubali kusaidiwa, na mwaka 1554 padri Jerónimo Nadal aliwekwa achukue sehemu ya mzigo wake.

Mwaka 1548 aliandikiana na Fransisko Borgia, mtawala wa Gandia, aliyekuwa amejiunga na Shirika kwa siri. Borgia naye alikuwa akifunga kwa ukali na kujipiga mpaka damu kutoka. Inyasi aliona mwenzake anaifuata njia ile ile ya Manresa. Alimwagiza apunguze sala kwa nusu, aache mifungo mikali, alitie nguvu tumbo lake kwa chakula kinachofaa, na asijitoe damu tena. Akamweleza ya kuwa mwili na roho vyote viwili ni mali ya Mungu, na siku moja mtu atatoa hesabu ya vyote viwili. Mwili ukidhoofika, hata roho haiwezi kutenda kazi yake vema.

Mafundisho hayo aliyaandika pia katika sheria za Shirika lake. Humo alisema kwamba kuuhangaikia mwili kupita kiasi ni kosa, lakini kuitunza afya kwa kiasi kwa ajili ya kumtumikia Mungu ni jambo la kusifiwa, tena ni wajibu wa wote. Akaagiza ya kuwa mtu akiona chakula, nguo, kazi au makao yanamdhuru, asali kwanza, kisha amwambie mkubwa wake. Mgonjwa amtii daktari na mwuguzi. Mwenyewe aliuliza kila siku kama wagonjwa wa nyumba wamenunuliwa mahitaji yao. Alinunua pia shamba la mizabibu pembeni ya Roma ili wanafunzi wachovu wapate kupumzika, ingawa nyumba ilikuwa na shida ya fedha.

Kuna habari nyingine inayosimuliwa na wenzake. Wakati mmoja wa joto kali daktari kijana alidhani ya kuwa ugonjwa wa Inyasi unatokana na baridi. Akaamuru madirisha yafungwe, mgonjwa afunikwe nguo nzito, asinywe maji ya baridi. Inyasi alitii, akazidi kudhoofika, akakaribia kufa. Ndipo akaitwa daktari Alessandro Petronio, mwenye ujuzi mkubwa. Aliamuru madirisha yafunguliwe, nguo ziondolewe, mgonjwa apewe kinywaji cha baridi, na Inyasi akapona. Kumtii daktari ni vema. Lakini dawa ikikuzidishia ugonjwa, usinyamaze. Umwambie daktari, au jamaa yako amwite mwingine.

Kufa kwake

Mwezi wa Julai 1556 Inyasi aliugua tena. Wenzake walikuwa wamemwona mgonjwa mara nyingi mno, na kila mara aliinuka. Daktari naye hakuona hatari. Alasiri ya tarehe 30 Inyasi alimwita padri Polanco, katibu wake, akamwomba aende kwa Baba Mtakatifu Paulo wa Nne kumwombea baraka, kwa maana anakaribia kufa. Polanco alikuwa na barua za haraka za kupeleka Hispania siku ile; akauliza kama yafaa kwenda kesho. Inyasi alisema angependa leo, lakini akamwachia afanye aonavyo vema. Usiku ule mwuguzi alimsikia akimwita Mungu. Asubuhi ya tarehe 31 Julai 1556, baraka haijafika, Inyasi alikufa. Shirika lake lilikuwa tayari na watu wapata 1000.

Daktari mashuhuri Realdo Colombo aliufungua mwili wake. Alikuta vijiwe vingi ndani yake: katika figo, katika mapafu, katika ini na mshipa wake mkubwa. Madaktari waliochunguza habari hiyo baadaye husema ya kuwa vijiwe vya nyongo ndivyo vilivyomtesa, naye siku zote alidhani ni tumbo. Hapakuwa na adui aliyemroga, wala mkono wa jirani. Chanzo kilikuwa ndani ya mwili, hapo daktari alipoweza kukiona kwa macho.

Mwaka 1622 Kanisa lilimtangaza Inyasi kuwa mtakatifu pamoja na rafiki yake Fransisko Ksaveri. Sikukuu yake ni tarehe 31 Julai.

Tujifunze nini?

Kwanza, wewe mkatekumeni mgonjwa, dawa yako imeze kama ulivyoagizwa, hata siku unayojisikia mzima. Anayetibiwa kifua kikuu akiacha katikati kwa sababu kikohozi kimetulia, anafanya kama Inyasi alivyovitoboa viatu vyake Barcelona. Ugonjwa waweza kurudi wenye nguvu kuliko mwanzo.

Pili, wakati wa mfungo umwendee padri, umweleze hali yako. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga chakula. Mwenye sukari akikaa na njaa pamoja na dawa zake aweza kuanguka na kufa. Yako majitoleo mengine: kumsamehe jirani, kuacha pombe, kumtembelea mjane, kusali rozari. Padri akikuambia kula, utii kama Inyasi alivyomtii muungamishi wake. Utii huo nao ni sadaka.

Tatu, jipatie usingizi, chakula kinachofaa, na kazi ya kipimo chako. Asiyeweza kulima siku kutwa aweza kuwafundisha watoto ishara ya msalaba chini ya mwembe. Ukipewa msaidizi, mkubali bila haya.

Nne, ninyi mnaokaa na mgonjwa wa siku nyingi, msiyazoee maumivu yake. Padri Polanco alimpenda Inyasi kweli, lakini alikuwa amezoea kumwona mgonjwa, na siku ya mwisho barua zikatangulia. Basi mgonjwa wenu akisema leo ni vibaya kuliko jana, mwaminini, mchukueni kituo cha afya leo.

Msidhani kamwe ya kuwa Mungu hufurahi kuuona mwili alioumba ukiharibika bure. Mwili huo utamwagiwa maji ya ubatizo, utapakwa mafuta matakatifu, utampokea Kristo katika Ekaristi, na siku ya mwisho utafufuka. Anayeutunza kwa kiasi amtumikie Mungu na jamaa yake, anatunza mali ya Bwana wake.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee sisi na wagonjwa wetu.